Kabichi za Kwenye Mifuko

Nyumbani kwa Mama,
Kibaraza cha nyuma,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa Kitindamimba wetu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sisi uliotuacha huku tukivuta hewa ambayo wewe umeepukana nayo. U hali gani, mdogo wangu? Lile goti ulilosema linalia kama bawaba kila ukipanda ngazi, limenyamaza? Na wifi yangu, homa imemwachia? Watoto je, bado wanakunja uso wakiwekewa mboga? Waambie shangazi yao anawapenda, na kwamba huku kuna watu wazima wanaozililia mboga hizo hizo.

Sisi hatujambo, ukiondoa yale tuliyokwisha kuyazoea. Mama ni mzima. Anatembea, anasikia kile anachotaka kusikia, na meno machache aliyobakiwa nayo anayatumia kama mwenye kinywa kamili. Shemeji yako, fundi viatu wangu, mgongo unamsumbua lakini mdomo haujambo. Mimi nipo na kitalu changu cha miche kule juu, kando ya barabara kuu. Mkono wangu wa kulia una malengelenge, nitakueleza sababu, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Nimeona ningekupigia simu, lakini simu ina tabia ya kukatika pale pale mtu anapoanza kusema kweli. Ndiyo maana nimechukua karatasi.

Ujumbe wako nimeusoma. Nimeisoma na ile furaha iliyojaa humo. Unasema Baba Mdogo amekutumia picha akiwa amepiga goti katikati ya kabichi, pale kwenye bustani ya kiwanda cha ngozi, na kabichi zenyewe kubwa kama vichwa vya watoto. Unasema umefarijika kuona udongo wa nyumbani bado una baraka. Unasema pia kwamba Baba Mdogo amekuomba ridhaa yako, kama mtoto wa kiume wa marehemu Baba, maana Kaka Mkubwa na lori lake hapatikani, ili shamba letu la bondeni lipewe kiwanda walitumie, kwa kuwa limelala bure, na kwamba mimi nimweleweshe Mama asiwe mbishi.

Mdogo wangu, picha ile ni ya kweli. Bustani ndiyo ya uongo. Kaa chini unisikilize.

Shamba la bondeni unalikumbuka. Ukiingiza kidole ardhini kilikuwa kinazama hadi mwisho. Maharage upande wa juu, nyanya na bilinganya katikati, mchicha chini karibu na mtaro, na ule mpapai uliokuwa unazaa mpaka tunaona aibu kuugawa. Na nyungunyungu! Mama alikuwa anawaita vibarua wake, wanaolima usiku na mchana na hawajawahi kudai mshahara. Ukimkata mmoja kwa jembe kwa bahati mbaya, Mama alikuwa anakuangalia kama umempiga mtoto wa jirani.

Sasa kiwanda kina mashimo ya maji machafu nyuma ya ukuta. Wanaloweka ngozi kwenye chumvi na madawa, kisha maji hayo wanayamwaga kwenye mashimo, na mashimo hayana sakafu wala kuta, ni ardhi tupu. Mvua ikija yanafurika, yanaingia kwenye mtaro, na mtaro unapita wapi? Unapita kwetu. Maji ya rangi ya buluu iliyochacha, na povu juu, na harufu ambayo hata nzi wanaiingia kwa kusitasita.

Usidhani naichukia ngozi. Mimi mume wangu ni fundi viatu, tunakula kwa ngozi na tunalala kwa ngozi. Ninachokidharau ni mtu mwenye uwezo wa kujenga geti la kuteleza lenyewe kwa umeme, anayeshindwa kusakafia shimo.

Maharage ndiyo yaliyotangulia kusema. Yaliota manjano, na kingo za majani zikawa za kahawia kama zimelambwa na moto. Msimu uliofuata nusu hayakuota kabisa. Jua likipiga siku mbili, udongo unafanya ukoko mweupe kama sufuria ya uji iliyosahaulika jikoni. Ukimwagilia, maji yanakaa juu yakikutazama. Jembe likawa linalia kwa mlio wa chuma. Nyungunyungu sikuona hata mmoja. Mpapai ukaanza kudondosha majani, moja moja, mpaka ukabaki kama mwamvuli uliokwisha kitambaa.

Bwana shamba alikuja, kijana mpole mwenye pikipiki inayokohoa, akachota udongo wa bonde zima, wetu na wa majirani, akaupeleka kupimwa. Majibu yakaja kwamba umejaa chumvi na madini ya dawa za kuivisha ngozi. Akatukusanya akatueleza kwamba mzizi unaweza kukaa katikati ya maji na bado ukafa kwa kiu, kwa sababu chumvi inaunyang'anya maji hayo. Akasema mboga za majani zinazoota humo tusile, maana sumu ikishaingia haioshwi kwa maji ya bomba. Mama wa nyumba ya tatu, anayeuza mchicha, aliinuka akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo kiwanda kilipotoa jibu lake. Hawakusakafia shimo. Walianzisha bustani.

Wamemleta mtu anaitwa Afisa Mahusiano. Mahusiano ya nini na nani, sijui. Ni kijana nadhifu, viatu vyake havijawahi kukutana na tope, anavaa manukato ya kushindana na kiwanda na anashindwa. Yeye ndiye aliyeunda Kamati ya Ujirani Mwema, na mwenyekiti wake, nadhani umeshakisia, ni Baba Mdogo wetu. Alipewa kofia ngumu nyeupe, koti linalong'aa na buti. Mdogo wangu, mtu huyu aliivaa kofia ile kwenye matanga ya jirani. Tumekaa chini tunalia, yeye amekaa na kofia ya ujenzi, kama anahofia maiti itamwangukia kutoka juu.

Mbele ya geti wakachonga matuta, wakapaka mawe chokaa, wakaweka ubao: Shamba la Mfano. Miche wakanunua kwangu. Niliiuza kwa moyo safi, nikidhani labda wanataka kujipima wenyewe. Haukupita muda wakaagiza tena, nikadhani wanapanua. Nikipita barabarani naona kijani, naona kabichi zimesimama. Nikaanza kujiuliza kama kweli ni udongo.

Lakini aliyeumia si mimi. Aliyeumia ni Mama.

Baba Mdogo alikuwa anakuja hapa kila baada ya siku chache, anakaa kwenye kiti cha marehemu Baba, anapokea chai, halafu anaanza. Kwamba majibu ya bwana shamba ni ya awali tu. Kwamba wataalamu wa kiwanda wamemwagilia maji yale yale kwenye udongo ule ule na kabichi zimefunga. Kwamba basi tatizo halipo ardhini. Kisha siku moja, akipuliza chai yake, akamwambia, "Shemeji, tusidanganyane. Umri umekwenda. Mkono ukizeeka na mmea unajua."

Mama aliitazama mikono yake.

Tangu siku ile akaacha kwenda bondeni. Jembe akaliweka nyuma ya mlango wa choo. Alikuwa anakaa kibarazani hapa ninapoandikia, mikono amelaza mapajani, viganja juu, kama mtu anayesubiri kupewa kitu. Nikimwomba anisaidie kupanda mbegu kitaluni alikuwa anakataa, anasema atazitia nuksi. Mbegu za nyanya, Kitindamimba! Mwanamke aliyetulea sote kwa kile kipande, ambaye hata fimbo ya kuegemezea maharage akiichomeka inachipua, anaogopa kugusa mbegu. Nilijaribu kumrudishia moyo kwa maneno, lakini maneno yangu yalikuwa hayana kabichi za kuyasindikiza. Ya Baba Mdogo yalikuwa nazo.

Miezi miwili iliyopita Afisa Mahusiano akaleta oda ya tatu. Safari hii hakutaka miche. Alitaka kabichi kubwa, zilizokwisha kufunga, na akasisitiza nisizitoe kwenye mifuko. Mimi huwa naotesha chache kwenye mifuko mikubwa kwa ajili ya wenye vibaraza vya saruji, wasio na ardhi. Nikajiuliza ni mkulima gani anayepanda kabichi na mfuko wake. Badala ya kumtuma mtu, nikapanda kwenye mkokoteni mwenyewe nikaenda nazo.

Mtunza bustani wao alikuwa anachimba. Shimo moja, shimo la pili, mstari mzima, kila shimo limetandikwa nailoni ili udongo wa pale usiguse kitu. Alichukua kabichi yangu ya kwanza, akaiteremsha shimoni na mfuko wake, akafukia udongo mweusi mzuri kuzunguka shingo. Udongo wenyewe ulikuwa umerundikwa kando, umeletwa na lori kutoka vilimani. Pembeni kulikuwa na lundo la zile nilizowauzia kabla. Zimekauka, kingo za kahawia, zimelambwa vile vile kama maharage ya Mama.

Nilimwuliza mtunza bustani anafanya nini. Akaangalia chini akasema yeye ameagizwa. Huyo simlaumu, uso wake ulikuwa wa mtu anayezika asichokiua. Afisa Mahusiano akatoka kivulini, anatabasamu, akanieleza kwamba wiki ile wanatarajia wageni wakubwa kutoka kwa wanunuzi wa ngozi, watu wanaopenda sana mazingira. Nikamwambia hivi si kulima. Alinijibu bila hata kushusha sauti:

"Dada yangu, mgeni haji kuchimba. Anakuja kuangalia."

Nilizichukua kabichi zangu zote, na ile ya shimoni nikaitoa, nikazirudisha kwenye mkokoteni. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mtu anayekataa lifti wakati wa mvua, akatoa simu akaagiza kwa mwingine. Uongo, mdogo wangu, haukosi muuza miche.

Jioni nilimsimulia Mama. Sikupamba. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja tu: kama Baba Mdogo anajua. Nikasema sijui, na kweli nilikuwa sijui. Mama akasema mtu hawezi kufanya hivyo, labda mimi sikuona vizuri. Unamjua Mama. Akimkuta mwizi ndani atamwuliza kwanza kama amepotea njia.

Basi, kesho yake nani anabisha hodi? Baba Mdogo mwenyewe na kofia yake. Wageni wanakuja siku ya Alhamisi, na kiwanda kingependa wamwone mkulima mkongwe wa bondeni amesimama pamoja na majirani wema, apigwe picha. Gari litamfuata. Hahitaji kusema lolote, kusimama tu. Alikuwa anamtaka kama vile walivyozitaka kabichi: zilizokomaa, na zisizosema.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumfukuza. Mama akasema atakwenda.

Alhamisi alivaa nguo yake ya heshima, nikamsindikiza. Tulifika wageni bado. Kwenye bustani walikuwapo Afisa Mahusiano, Baba Mdogo, mtunza bustani na mpiga picha anayefuta kamera yake. Afisa akamwonyesha Mama mahali pa kusimama, penye alama ya chokaa. Mama akapapita. Akaenda moja kwa moja hadi kwenye tuta, akashika kiuno, akapiga magoti. Baba Mdogo akamkimbilia akimwambia asijichafue, wageni wako njiani. Mama akaingiza vidole ardhini kando ya kabichi, taratibu, kama unavyotafuta pini kwenye godoro, mpaka vikagusa. Akashika ukingo wa mfuko, akavuta. Kabichi ikatoka nzima na mfuko wake, ukitiririsha maji.

Akaipakata. Nilidhani atalia. Alicheka, mdogo wangu, kicheko kidogo cha puani, kama mtu aliyekuwa anatafuta miwani na akaikuta usoni. Akamwangalia Baba Mdogo kutoka pale chini.

"Shemeji, ulijua?"

Baba Mdogo akasema mambo ya kiwanda ni ya kitaalamu, yana hatua zake, na kamati haiwezi kuingilia.

"Sikukuuliza kiwanda. Siku ile unakunywa chai kwangu, unaniambia mkono wangu umezeeka, ulikuwa unajua?"

Baba Mdogo alishika ukingo wa kofia yake. Mimi nilikuwa natazama midomo yake, natamani akane, angalau akane, ili nimchukie kidogo kidogo. Akasema kwa sauti ya chini kwamba wakwe zake wawili wanafanya kazi pale ndani, na kwamba mtu hutazama mdomo wa kwake kwanza. Halafu akavua kofia akaifuta kwa kiganja. Haikuwa na vumbi.

Mama akatingisha kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyepokea chenji na kuikuta sawa. Kisha unajua alifanya nini? Akairudisha kabichi shimoni, akaikandikia udongo, kwa sababu hawezi kuacha mmea umelala ubavu. Akasimama, akaomba maji, akanawa. Afisa akasema gari lipo. Mama akasema miguu ipo. Tukaondoka, na njiani magari ya wageni yakatupita yakatumwagia vumbi.

Kwa hiyo usidhani kulikuwa na aibu yoyote. Wageni walifika, wakatazama, hawakuchimba. Walisifia. Baba Mdogo alipigwa picha kama ulivyoiona, na koti lake likang'aa. Itazame tena: ya tatu kutoka kwenye goti lake imeinama kidogo. Hiyo ndiyo aliyoirudisha Mama. Siku kumi baadaye zote zilikuwa zimenyauka, maana mvua ilinyesha, mtaro ukafurika, na nailoni haijui kuogelea.

Juma lililofuata Baba Mdogo akaja kwa habari ya shamba. Safari hii bila kofia, na alisubiri kukaribishwa ndipo akakaa, kwenye kigoda. Kiwanda kinataka kuchimba mashimo mengine, mashimo ya kwanza yamejaa, na shamba letu liko karibu. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi imeshakufa, na kitu kilichokufa hakina cha kupoteza. Unaona ukamilifu wake? Unaua ng'ombe wa mtu, kisha unamwomba ngozi kwa kuwa yeye hana tena matumizi nayo.

Mama akamwambia, "Mgonjwa hazikwi angali anapumua."

Basi. Akaendelea kuchambua mchele. Alikaa na mchele wake mpaka Baba Mdogo akakumbuka kwamba ana kikao. Nahisi hapo ndipo alipokugeukia wewe. Alihesabu kwamba wewe uko mbali, hunusi kitu, na kwamba neno la kijana mmoja wa kiume kutoka ng'ambo litawazidi uzito wanawake wawili wanaoishi juu ya uvundo wenyewe. Sijui katika hilo alikudharau wewe zaidi au sisi.

Na sasa nikwambie tulipofika. Watu wa bondeni tulikwenda wote, na bwana shamba akiwa mbele, kwa wakubwa wa mazingira. Walikuja, wakatazama mashimo, wakashika pua, wakaamuru yasakafiwe kabla ya mvua za mwaka huu kurudi, na mtaro ugeuzwe. Kiwanda kimetii kwa kasi ya ajabu. Kimeshaweka ubao mkubwa wenye rangi tatu unaosema Mradi wa Kusakafia Mashimo. Ubao umekamilika. Saruji niliyoiona ni mifuko miwili, na mmoja umeshaganda.

Hatukuwangoja. Mtaro tumeugeuza wenyewe kwa majembe, bonde zima, kuanzia kwa muuza mchicha hadi kwetu. Malengelenge yangu ni ya huko. Sasa maji yao yakifurika yanazunguka na kurudi mbele ya geti lao, yanapita katikati ya Shamba la Mfano. Fundi mwashi aliyetupimia mwelekeo anaapa haikuwa makusudi. Nami namwamini kabisa.

Shamba lenyewe bwana shamba anasema linaweza kupona nusunusu, lakini si leo wala kesho. Mvua safi lazima ilioshe msimu baada ya msimu, tuweke mboji, tuoteshe nyasi ngumu zinazovumilia chumvi, tuzikate na kuzitupa mbali, zisiliwe na mtu wala mnyama. Madini yale mengine hayaoshwi. Kwa hiyo mboga za majani pale, pengine hata wajukuu zako wasipande. Mama alisikiliza yote hayo. Bwana shamba alipomaliza, Mama aliuliza nyasi zinapandwa kwa mbegu au kwa vipandikizi.

Akalitoa jembe nyuma ya mlango wa choo. Amepanda mistari saba kwa mkono wake, hataki mtu amsaidie, na imeshika yote. Mboga za kula amezihamishia kitaluni kwangu kule juu, kwenye udongo salama. Nyanya zake zimenipita zangu urefu, na ananisema mbele ya wateja.

Kuna jambo jingine ambalo sikubaliani nalo ila nakuhadithia. Mama Mdogo, mke wa Baba Mdogo, huja kitaluni, hajisikii vizuri kuja nyumbani. Bustani yao imekufa pia, maana sumu haikuambiwa nani ni mwenyekiti. Anasimama kando ya mifuko anajifanya anatazama maua. Mama humfungia bilinganya na mchicha kwenye khanga, anamwambia awahi kabla havijanyauka. Mimi ningempa kisogo. Nilimwuliza Mama kwa nini, akasema yule dada hajamkosea. Nikamwambia lakini mume wake anakula. Akasema basi ale, labda ataota.

Mimi sina moyo wa Mama, na sitajifanya ninao. Kiwanda nakidharau kama unavyomdharau mbwa wa tajiri: anabweka kwa mshahara. Lakini Baba Mdogo alikuwa wa kwetu. Alijua udongo ni mgonjwa, akamwacha mjane wa kaka yake aamini kwamba ugonjwa ni yeye. Sumu ya mtaroni tumeigeuza kwa jembe. Hiyo nyingine sijui inageuzwa kwa nini.

Kwa hiyo, mdogo wangu, nakuomba usitoe ridhaa yoyote, si kwa simu, si kwa mdomo, si kwa heshima. Mwambie mwenye shamba yuko hai na ana jembe. Ukiogopa kumkatalia mkubwa, mwelekeze kwangu, mimi hofu hiyo iliniisha siku ya matanga, nilipoiona ile kofia.

Mpe wifi salamu zangu, mwambie asinunue viatu kabla shemeji yako hajavikagua. Wabusu watoto. Kaka Mkubwa anakusalimu kutoka kwenye lori lake, popote alipo. Muuza mchicha anakusalimu, anasema anakukumbuka ulivyokuwa unamwibia karoti. Mama Mdogo pia msalimie ukipata nafasi, hana kosa. Baba Mdogo sikumsahau. Nimemwacha.

Mama amenisikia nikiisoma sentensi hiyo kwa sauti, akaniambia niifute, nimwandikie salamu kama watu wengine. Sikuifuta. Nimekuandikia tu kwamba amesema.

Mungu akulinde huko uliko, akupe riziki isiyonuka, na akurudishe kwetu miguu yako yote miwili ikiwa haina malalamiko.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata unapoamini picha,

Wa Kitaluni